Kidole cha Pilosopo

Benchi la mianzi lililo mbele ya duka la Nang Saling, pale Tabuk-Sapa katika mkoa wa Capiz, lina sheria mbili tu na hazijaandikwa popote. Ya kwanza, mtu hahami nafasi yake. Ya pili, mtu hasemi "sijui". Kushoto kabisa hukaa Marino, aliyepika kwenye meli za mizigo miaka kumi na tisa na kurudi na jibu la kila kitu. Anayefuata ni Atorni, ambaye hakusomea sheria hata siku moja, ila ameshindwa kesi ya shamba mara nne, na kila aliposhindwa alirudi nyumbani na kifungu kipya. Kisha Kap, mwenyekiti wa kijiji aliyebwagwa kwenye uchaguzi miaka tisa iliyopita, lakini habari hizo mpaka leo hazijamfikia. Na kulia kabisa, pembeni, hukaa Nong Teban Delfin, mgema aliyeacha kupanda minazi, ambaye siku hizi wanamwita Pilosopo, yaani mwanafalsafa, kwa ile tabia yake ya kutulia na kidole kimoja kidevuni huku wenzake wakibwabwaja. Kahawa yao ni mchele uliokaangwa mpaka ukakata tamaa. Buni haijawahi kuingia kwenye birika lile, na hakuna aliyewahi kuiulizia.

Kidole kile hakikuwa na falsafa yoyote. Mwaka juzi, msimu wa mavuno, Nong Teban akiwa juu ya mnazi na kibuyu chake kiunoni, shingo ilianza kumvuta kushoto, polepole, kama mtu anayeitwa na jirani. Akairudisha, ikavuta tena. Siku ya tatu akagundua kwamba akigusa kidevu tu, bila hata kusukuma, shingo hunyooka yenyewe na kutulia kama mbwa aliyesikia jina lake. Akashuka mnazini, akawaambia watu ni magoti yamemshinda. Mwezi huohuo mzee mmoja wa benchi alikufa na kuacha nafasi ya pembeni, na Nong Teban akaiwahi kabla ya arubaini. Pale pembeni wote wanakuwa kushoto kwake. Shingo ikigeuka, wanaona mtu msikivu. Maisha yake yote hakuwahi kusifiwa usikivu mpaka alipougua.

Alijua ni nini. Capiz nzima inajua. Wanauita lubag, msokoto, na huwachagua wanaume. Kaka yake Osing ulimsokota shingo, kisha mgongo, kisha ulimi, na miaka sita baadaye alikuwa hawezi kumeza hata uji. Benchi hili hili lilimpa Osing jina la Kuku. Sherehe moja ya mtakatifu wa kijiji, Kap alipanda jukwaani akamwigiza jinsi anavyotembea, akapata zawadi ya kopo la biskuti. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nong Teban naye alicheka. Hilo ndilo tonge ambalo mpaka leo halijashuka.

Sasa asubuhi hii binti yake wa pekee, Glydel, amekuja kutoka Iloilo anakofanya kazi ya kupokea simu za watu wenye hasira, ana mimba ya miezi mitano, na picha imeonyesha mtoto wa kiume. Ana miadi ya saa nne na daktari wa magonjwa ya kurithi aliyeko Manila, wataonana kwenye kioo. Jana jioni alikaa mezani na rula akachora ukoo kama alivyoagizwa: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mgonjwa anapakwa wino mweusi, mzima anaachwa mweupe. Akamchora Osing, akampaka. Akafika kwa baba yake, akasimamisha kalamu.

– Tay, wewe uko mzima?

– Mzima.

Akauacha mraba mweupe. Na Nong Teban alilala akiuona ule weupe hata alipofumba macho. Mama mtu yuko Hong Kong miaka minne sasa, analea watoto wa wenyewe, na kwenye simu ya picha mume wake huonekana anafikiri tu.

Miadi ilipaswa kuwa katika Chumba cha Tiba Mtandao, kilichofunguliwa na wakubwa wa mkoa kwa utepe na bendi. Chumba kina kiti cha kuzunguka, pazia, kiyoyozi, na bango ambalo sura ya mkubwa ni kubwa mara tano kuliko neno "afya". Kimekosa kitu kimoja tu, nacho ni mtandao. Mtandao wa Tabuk-Sapa unapatikana mahali pamoja, kwenye msumari uliopigwa katika nguzo inayotazamana na benchi la Nang Saling. Kwa nini pale, Marino ana maelezo, lakini tumwache. Nang Saling, ambaye ndiye mwenye duka na ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, alichukua kishikwambi cha serikali, akakitia ndani ya kikapu cha ukindu alichokitoboa tundu, akakining'iniza msumarini. Basi hivyo ndivyo benchi lilivyogeuka hospitali ya rufaa.

Aliwaomba wanaume waondoke. Atorni akamweleza kwamba benchi ni mali ya umma na kwamba haki ya kukaa hupatikana kwa kukaa. Glydel alikuwa amekwisha kuchukua kigoda cha plastiki na kuketi upande wa kulia wa baba yake, upande ule ambao Nong Teban hawezi kuutazama bila kidole. Kwa hiyo kidole hakikushuka asubuhi nzima.

Saa nne ikafika, daktari hakufika. Kwenye kioo paliandikwa kwamba kuna watu wawili mbele yake. Wanaume wakaona wasipoteze nafasi.

– Daktari asiyekula kwako hawezi kukutibu – Kap alianza. – Enzi zangu daktari alikuwa anakuja na mtumbwi, anachinjiwa kuku, anakula, analala kidogo, ndipo anauliza nani anaumwa. Huyu wa kwenye kikapu atakula nini?

– Kisheria – Atorni akadakia – tiba ni kugusa. Bila kugusa, hayo ni maongezi. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

– Hiyo inaingiaje hapo? – Nang Saling aliuliza.

– Inaingia. Ipe nafasi.

Marino alikohoa, na mtu akikohoa vile mjue anarudi baharini. Alisema Rotterdam aliyaona haya zamani. Kioo kile hakionyeshi tu, kinavuta. Damu ya mtu inapita kwenye mwanga, kidogo kidogo, na ndiyo maana mtu akiongea kwa simu ya picha na mkewe aliye ng'ambo huamka kesho yake amechoka. Wakishapata damu wanaisoma herufi kwa herufi, wanainakili, na baada ya miaka ishirini unakuta Uholanzi kuna akina Delfin wengine, warefu, shingo zimenyooka, wanakula jibini.

– Na wakija kudai shamba? – Atorni aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa na wasiwasi wa kweli.

– Watakuja na hati, pare. Wenzetu kila kitu wana hati.

Kutoka hapo wakahamia lubag yenyewe, kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini inayosikika mpaka barabarani. Kap alikuwa na hakika kwamba ugonjwa uliletwa na nguzo za umeme, kwa sababu waya za umeme zimesokotwa, na kilichosokotwa husokota. Atorni akakataa. Yeye alilaumu Wahispania. Walipokuja kugawa majina ya ukoo walifungua daftari, wakafika ukurasa wa D, wakaona uvivu kufunua mwingine, wakaugawa kwa kijiji kizima. Delfin, Dalida, Distura, Doroy, Dadivas. Watu mia tisa kwenye herufi moja. Damu ikakosa pa kupitia, ikajisokota.

– Haba na haba hujaza kibaba – alimalizia, na hapo hata Marino alimtazama.

– Nyie mnazunguka – Kap alisema. – Lubag inaletwa na wanawake. Hilo linajulikana. Wao wanaibeba, sisi tunaumwa. Marehemu mama yake Teban ndiye aliyemletea Osing. Samahani, Inday, binti yangu, bibi yako, lakini ukweli ni ukweli.

Glydel alikuwa anaifuta rula kwa pindo la gauni. – Ninong – alisema, maana Kap ndiye aliyemsimamia ubatizo – bibi alizaa watoto watano, akamzika mmoja, na wewe ulikula kwenye msiba siku tisa zote. Mtaje vizuri.

Kap akanywa kahawa. Nong Teban alisikia binti yake akimtetea bibi yake, na moyoni akaona aibu ya aina mpya, kwa sababu maneno yale ya Kap yamekuwa yakimfaa sana. Kama lubag ni ya wanawake, basi mwanaume anayeumwa si mlango, ni mwisho wa njia tu. Anaumwa yeye, anakufa nayo, yamekwisha. Kwa miaka miwili amekuwa akijiambia hivyo, na akajiamini kwa sababu alikuwa anajiambia kwenye benchi ambalo hakuna mtu anayesema hajui.

Kikapu kikalia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Dokta Katigbak, mwenye miwani aliyoipandisha kichwani na kuisahau huko. Aliwasalimu kwa lugha yao ya Capiz kwa lafudhi ya Manila, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, kisha akawaangalia mmoja mmoja. Msumari ulikuwa juu, tundu la kikapu lilikuwa pana. Alikuwa analiona benchi zima, kutoka kwa Marino hadi kwa kigoda cha plastiki.

– Glydel, hao wengine ni nani? Tuna faragha kweli hapo?

– Dok – Nang Saling alisema – huku kwetu siri ni ya mtu ambaye hajafika bado.

– Waache tu, Dok – Glydel alisema. – Nikiwafukuza watasikiliza nyuma ya ukuta, na watasikia vibaya zaidi.

Daktari akacheka kidogo. Alitaka wajue kwamba mambo ya ukoo yanaweza kugusa watu wengine, na Glydel anaweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote. Kisha akachukua ile karatasi ya ukoo, ambayo Nang Saling alikuwa ameipiga picha na kumtumia alfajiri, na uso wake ukaingia mikunjo.

– Nina watu arobaini na mmoja hapa, na wote wanaanza na D. Hawa wote ni ukoo mmoja?

– Wote – Kap alijibu, akijiweka sawa. – Sisi hapa ni damu moja, Dok.

– Na huyu Eulogio Distura? Mwenye mraba mkubwa kuliko wote, uliochorwa kwa kalamu nyingine?

– Ndiye mimi.

Ilibidi Nang Saling aangalie pembeni. Alfajiri ile, kabla picha haijapigwa, Kap alikuwa amekuja kuomba kuona karatasi, akakuta ukoo wa mtoto wake wa ubatizo hauna jina lake. Alikosa raha. Akaomba kalamu, akajichora mraba wa heshima na mstari mnene uliomuunganisha na ngazi ya kina Teban, katikati kabisa. Kwao kumsimamia mtoto ubatizo si jambo dogo. Mtu anayeshika mshumaa siku ile anaitwa ndugu, analiliwa kama ndugu, na akiugua anapelekewa supu kama ndugu.

– Kwa mchoro huu – daktari alisema taratibu – wewe ni ndugu wa marehemu Osing, mama mmoja. Basi, Nong Eulogio, na wewe ningependa kukuangalia leo. Ndugu wa kiume wa mgonjwa tunawapa kipaumbele. Umewahi kuhisi shingo inavuta? Mkono unatetemeka ukishika kikombe?

Kikombe cha Kap kilikuwa mkononi. Kila mtu kwenye benchi alikitazama kile kikombe, na kwa kweli kilitetemeka.

– Dok, hapana, hebu tuelewane. Mimi ni ninong tu. Nilishika mshumaa.

– Mshumaa?

– Kanisani. Nilishika mshumaa nikarudi zangu kwetu. Damu yangu inatoka mto mwingine kabisa, ng'ambo kule, muulize yeyote.

– Sasa hivi umekuwa mshumaa – Nang Saling alisema. – Alfajiri ulikuwa damu.

– Kisheria – Atorni alisema, akisogea inchi moja kumwachia Kap nafasi – udugu wa maji hauna urithi. Hilo liko wazi.

Marino naye akadokeza kwamba yeye, kwa kadiri anavyofahamu, D yake ni ya makosa ya karani. Ikawa kazi ya robo saa kuufuta ukoo, maana Glydel alikuwa amewatia wote aliowaita mjomba na shangazi tangu utotoni. Watu waliokuwa damu moja tangu Mhispania wakawa wapita njia. Walipomaliza, kwenye karatasi ya daktari walibaki watu kumi na watatu, na benchini ndugu alibaki mmoja tu, ameketi pembeni na kidole kidevuni, anatazama kikapu.

Nong Teban aliwaona wanavyotoroka. Hawakuwa wamesikia chochote kuhusu mtu yeyote, walisikia kipaumbele tu, na tayari walikuwa wamepanda meli. Akajisemea, hivi ndivyo itakavyokuwa. Kesho nitakuwa Kuku wa pili.

Daktari akageukia yale yaliyomleta Glydel. Alieleza bila kukimbia. Ugonjwa huu unasafiri kwenye kamba moja ya urithi. Mama aliyebeba kamba hiyo kwa kawaida haumwi, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ni kama amerusha sarafu, inaweza kuangukia upande huu au ule. Bibi hakumfanyia Osing kosa lolote, hakuna aliyemwonyesha sarafu hata aichague. Kap alitazama chini.

– Lakini kwa baba ni tofauti – daktari aliendelea. – Baba anayeumwa hawapi watoto wake wa kiume hata mmoja. Mabinti zake ndio anaowapa, wote, bila kumruka hata mmoja. Hapo hakuna sarafu. Baba akiwa nayo, binti anayo. Na binti akipata mtoto wa kiume, sarafu inarushwa upya.

Nong Teban alisikia maneno yale yakimpita na kurudi. Bila kumruka hata mmoja. Miaka miwili alijiona mwisho wa njia, kumbe amekaa katikati ya daraja.

– Kwa hiyo swali langu kubwa, Glydel, ni baba yako. Ana miaka mingapi?

– Hamsini na mmoja, Dok. Huyu hapa.

– Na ni mzima?

Glydel alimgeukia. Nong Teban naye aligeuka kulia kumtazama mwanawe, kidole kimekaa mahali pake, shingo ikatii vizuri kabisa. Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililomtisha.

Daktari alisema hiyo ni dalili njema. Hawezi kuapa, kuna wanaochelewa, lakini wengi huwa wameshaonyesha kabla ya umri huo, na kama baba mtu yuko salama basi hofu ya Glydel inaweza kupungua sana, na pengine hakuna haja ya kuhangaika na vipimo kwa sasa. Glydel alishusha pumzi. Pumzi ile ilikuwa ndefu, inaonekana alianza kuibana tangu ile picha ya mtoto, na alipoiachia mkono wake ulishuka wenyewe ukakaa juu ya tumbo. Alicheka, akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akaomba radhi kwa kufuta pua mbele ya daktari. Nang Saling akamimina kahawa iliyobaki, vikapatikana vikombe viwili vya nusu. Kap, alipoona hatari imeondoka, akaanza kurudi kwenye ukoo.

– Niliwaambia – alisema. – Ukoo imara huu.

– Samahani – daktari alisema. Alikuwa amesogea karibu na kioo chake, uso ukajaa kikapu kizima, na ile miwani hatimaye ilikuwa imeshuka machoni. – Baba yako ni yule aliyeshika kidevu?

– Ndiye, Dok.

– Tangu nimeingia hajakiachia. Niwaulize nyie mnaokaa naye kila siku. Anashika kidevu tangu lini?

Lilikuwa swali dogo, la kujibiwa na mtoto. Atorni aliliwahi kwanza, maana ukimya humwasha.

– Ah, Dok, huyo anafikiri. Ndiye Pilosopo wetu.

– Nimekuelewa. Nauliza tangu lini.

Atorni akamgeukia Marino. Marino alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba Rotterdam imo humo chini. Wanaume watatu, waliojua asili ya msokoto, siri ya mwanga na njama za Wahispania, waliokaa na mtu huyu kila asubuhi bega kwa bega, wakaulizwa tarehe. Kap alianza kuhesabu kwa vidole, akafika cha pili, akasimama. Uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyekumbuka kitu akatamani asingekikumbuka.

– Osing alikuwa anashika shavu – alisema, si kwa daktari, si kwa mtu yeyote. – Kabla ya… mwanzoni kabisa. Tulisema ni jino.

Atorni alikuwa na methali. Ilikuwa imemfika kooni yenyewe, nzima, kuhusu mtu anayeficha maradhi na kile kinachomfichua. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kijiwe alikuwa na methali inayoingia. Akaimeza.

Nong Teban alijua bado ana njia. Wenzake walikuwa wamempa moja, tena ya heshima, anafikiri. Angeweza kusema anawashwa. Angeweza kusema jino. Daktari yuko Manila, umbali wa bahari mbili, hawezi kunyoosha mkono kutoka kikapuni akamshusha kidole, na kuhusu hilo Kap na Atorni walisema kweli, hana uwezo wa kugusa. Pembeni yake, upande wa kulia, hakusikia tena ile pumzi. Glydel alikuwa ameibana upya.

Akashusha kidole. Akakiweka juu ya paja, na mkono mwingine juu yake, kama mtu anayemkalia kuku asitoroke.

Shingo haikuwa na haraka. Ilisubiri kidogo, kama isiyoamini imeruhusiwa, kisha ikaanza kwenda kushoto, taratibu, kidevu kikipanda juu ya bega, mpaka ilipofika ilipokuwa inataka kufika siku zote. Mshipa ukasimama shingoni mfano wa kamba ya kisima. Macho yake yalitua usoni kwa Kap, umbali usiozidi shubiri mbili. Alisubiri kicheko. Alimpa nafasi kabisa. Kap hakucheka. Midomo ilikuwa inamcheza, lakini si kwa kicheko.

– Tangu mavuno ya mwaka juzi, Dok – Nong Teban alisema, akizungumza na sikio la Kap. – Nilikuwa juu ya mnazi.

Alisikia karatasi ikifunuliwa nyuma yake.

– Inday – alisema, hawezi kumwona. – Ule mraba wangu.

– Nimesikia, Tay.

– Ulikuwa umeuchora vizuri. Mimi ndiye niliyekosea.

– Nimesikia, Tay – Glydel alirudia, na safari hii sauti ilikatika katikati.

Kutoka kikapuni daktari alisema asante, Nong. Hakusema pole, na Nong Teban alimshukuru kwa hilo. Alisema wapo wanaosaidiwa, shingo ikalegezwa ikapata nafuu, na kwamba damu ya Glydel itachukuliwa hospitali ya mkoa bila yeye kupanda ndege, na kwamba mtoto bado ana sarafu yake na hakuna aliyeona imeangukia wapi. Alisema, sasa tunaweza kuanza. Kisha mtandao ukaganda. Dokta Katigbak akabaki ndani ya kikapu, mkono umeinuka nusu, kinywa kimefunguka kwa neno lililokuwa linafuata. Siku nyingine wanaume wangegombania kwenda kuutikisa ule msumari. Leo hakuna aliyenyanyuka.

Aliyenyanyuka ni Glydel. Alichukua kigoda chake cha plastiki, akapita mbele ya baba yake, tumbo kwanza, akaenda upande wa kushoto, na kule hakukuwa na nafasi, benchi lilikuwa limejaa. Akasimama mbele ya Kap na kigoda mkononi.

Kap hakuacha nafasi ile alipobwagwa kwenye uchaguzi. Hakuiacha siku kimbunga kilipoondoka na paa la duka, walimkuta amekaa peke yake chini ya mbingu akilaumu serikali. Alimtazama binti, akakitazama kigoda, akainuka.

– Kaa hapa, Inday – alisema. – Hicho ni kifupi, hatakuona.

Glydel akakaa benchini, kwenye mianzi iliyokuwa bado ina joto la Kap, na baba yake akamtazama bila kusumbua kidole. Kap alibaki amesimama, kikombe kikavu mkononi, hajui mtu akisimama hufanya nini na miguu yake. Mwishowe akakishika kile kigoda, akakipeleka kule pembeni, upande wa kulia, akaketi.